Elfu hamsini ya mama imefika arubaini na tano

Mhariri,

Mama yangu ana miaka 78, anakaa kisiwani Kojani. Pensheni jamii yake, zile pesa za kila mwezi Serikali ya Zanzibar inazowapa wazee, inaingia kwenye simu. Mwezi uliopita alivuka kuja Wete kunitazama, akapitia kwa wakala. Alipofika kibarazani kwangu akafungua pindo la kanga, akazihesabu: 45,000.

"Na zile nyengine?"

"Kijana kasema makato."

Nikaisoma simu yake. Miamala miwili, dakika moja baina yake: ametoa 30,000, kisha 15,000, kila mmoja na makato yake. Nikaiacha suruali ya mtu kwenye cherehani, nikaenda. Kijana mwenyewe ana adabu, kanipa shikamoo na kiti. Eti keshi ilikuwa haijatimia. Sasa kama 45,000 imetoka mkono mmoja, kwa nini isitoke mara moja? Tunajua: muamala ukikatwa vipande, kamisheni inazidi. Namba ya siri mama alimtajia mwenyewe, maana miwani kaisahau Kojani. Karatasi ya ada ipo ukutani, lakini nusu imefunikwa na tangazo la vocha.

Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka mteja aelezwe ada kabla ya kukatwa. Nzuri. Ukidhulumiwa, unaanza kulalamika kwa mtoa huduma, usiporidhika unakwenda Benki Kuu. Kizee wa Kojani huyo!

Mdogo wangu yuko Toronto. Nilipomsimulia akacheka, akanambia kwao ukipeleka benki hundi ya serikali kuu isiyozidi dola 1,750, hawakati hata senti, hata kama huna akaunti hapo, bora uwe na kitambulisho.

Pensheni hii ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000, leo ni 50,000, na wazee wanaomba dua kwa hilo. Ninachotaka ni kidogo: mzee atoe pensheni yake bure, mara moja kwa mwezi, na kamisheni ya wakala alipe mwenye kutuma, si mwenye kupokea. Yule kijana naye ana watoto, simnyimi riziki yake.

Mama ameshavuka kurudi. Kwenye simu zimebaki mia kadhaa, na hizo hazitoleki.

Fundi cherehani,
Limbani, Wete, Pemba