Salamu za Sikukuu ya Muungano kutoka Dodoma, pamoja na neno juu ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali

Mbukwenyi, ndugu na jamaa. Nawatakia nyote heri ya Sikukuu ya Muungano, mliobaki hapa mjini na mliokwenda Kondoa, Mpwapwa, Kongwa au Bahi kuyatazama mashamba. Mvua zinaaga, uwele na mtama vimeshatoa masuke, na watoto wako madunguni wakifukuza ndege wasije wakaimaliza nafaka kabla ya mavuno. Ni majira hayohayo ambayo Bunge hukaa hapa kwa mkutano wake mrefu wa bajeti, nyumba za wageni zikajaa, na jioni tukamwona kwenye televisheni mtu anayesimama kufafanua kifungu cha sheria pale wabunge wanapovutana juu yake. Huyo ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Salamu zangu za mwaka huu nimezielekeza kwenye ofisi yake, kwa sababu Muungano tunaousherehekea uliandikwa kwa kalamu ya ofisi hiyo kabla haujatangazwa kwa wananchi.

Hati za Makubaliano ya Muungano zilitiwa saini Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume, na siku nne baadaye nchi mbili zikawa moja. Aliyepewa na Mwalimu kazi ya kuandaa rasimu yake, kwa siri na kwa muda mfupi, ni Roland Brown, Mwingereza aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika tangu Uhuru. Hati yenyewe ni fupi. Iliorodhesha mambo 11 ya Muungano na kuyaacha mengine ya Zanzibar yaamuliwe na Zanzibar yenyewe, na ndiyo maana hadi leo tuna Wanasheria Wakuu wawili, mmoja wa Jamhuri ya Muungano na mwingine wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kila ninapoisoma hustaajabia jinsi kurasa chache zilizoandikwa kwa haraka namna ile zilivyoendelea kuzaa hoja nzito, kesi, tume na mijadala ya Katiba kwa vizazi kadhaa. Sisi tunaofundisha Uraia tungefanya vyema kuwasomea wanafunzi maneno yenyewe, badala ya kuishia kwenye picha za siku ile.

Asili ya cheo hiki ni Uingereza, ambako tangu karne ya 13 mfalme alikuwa na mwanasheria wa kumsemea mbele ya mahakama. Waingereza walikileta Tanganyika pamoja na mfumo wao wa sheria baada ya kukabidhiwa nchi hii, na kwa hiyo kwa miaka mingi aliyekishika alikuwa mtumishi wa utawala wa kigeni. Mwaka 1965 Mark Bomani akawa mwananchi wa kwanza kukishika, akakaa hadi 1976, miaka ya Azimio la Arusha na utaifishaji, wakati ambapo kila uamuzi mkubwa wa siasa ulihitaji mtu wa kuugeuza kuwa sheria. Baada yake alifuata Joseph Warioba, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu.

Ibara ya 59 ya Katiba ya 1977 inamfanya Mwanasheria Mkuu kuwa mshauri wa Serikali katika mambo yote ya sheria. Huteuliwa na Rais, na Rais aweza kuufuta uteuzi huo. Ni mbunge kwa wadhifa wake, na huhudhuria Baraza la Mawaziri akiwa na haki zote za mjumbe isipokuwa haki ya kupiga kura. Kukosa kura huko nakuona ni busara kubwa, kwani asiyehesabiwa katika kura hana sababu ya kulipamba jambo ili lipite, na aliyeitwa kushauri anabaki na wajibu mmoja wa kusema kama sheria inaruhusu au hairuhusu. Kulisema hilo mbele ya mamlaka iliyokuteua, nayo inaweza kukuondoa, kunataka moyo. Nasi wananchi hatuujui moyo huo ulipotumika, maana ushauri mzuri huzuia kosa lisitokee, na kosa ambalo halikutokea haliandikwi gazetini.

Wengi bado hudhani kwamba yeye ndiye anayewashtaki wahalifu. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalimpa Mkurugenzi wa Mashtaka ibara yake, ya 59B, na mwaka 2018 kazi ziligawanywa katika ofisi tatu: ya Mwanasheria Mkuu, ya Wakili Mkuu wa Serikali anayeiwakilisha Serikali katika mashauri ya madai na usuluhishi, na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka.

Kwa sisi wa Dodoma, ambako migogoro ya viwanja imekuwa sehemu ya maisha tangu enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kuna jambo linalotugusa zaidi. Anayetaka kuishtaki Serikali hana budi kutoa kwanza notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu katika shauri, na tangu marekebisho ya 2020 utaratibu huo unazihusu pia halmashauri, mashirika ya umma na wakala wa Serikali, na shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Najua inaumiza kuona shauri la mjane likitupwa kwa kukosa notisi, kabla hata hoja yake haijasikilizwa. Kwa hiyo mwenye ndugu anayejiandaa kwenda mahakamani na amweleze haya sikukuu hii, wakiwa wamekaa pamoja, kabla hajatoa nauli na ada.

Tangu 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzitafsiri sheria imo mikononi mwa waandishi wa sheria walio chini ya Mwanasheria Mkuu. Ni kazi ya polepole, isiyopigiwa makofi, na naiombea sana, kwa kuwa mkulima wa Chamwino anastahili kuisoma sheria ya ardhi yake bila mkalimani.

Basi salamu zangu ziwafikie mawakili wa Serikali watakaoendelea na miswada mara sikukuu itakapokwisha, hadi Sheria ya Fedha ipite mwezi Juni. Ziwafikie ndugu zetu wa Unguja na Pemba, na wote wanaolinda mashamba dhidi ya ndege. Heri ya Muungano, na mavuno yawe mema.