Ofisi ya zamani ikigeuzwa fleti, ziwa libaki la watu wote

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua niseme neno kuhusu wazo ninalolisikia kila ninapopiga simu nyumbani Mwanza, kwamba majengo ya zamani ya ofisi yaliyo karibu na ziwa wapewe wawekezaji wayageuze kuwa fleti. Siandiki kulipinga. Ninaishi Chicago, jiji la Marekani lililo kando ya Ziwa Michigan, na kwa miaka kadhaa riziki yangu imetokana na ufundi bomba katika majengo ya namna hiyohiyo.

Wengi hudhani kwamba kazi kubwa ni kulinda sura ya nje. Ugumu uko ndani, na mara nyingi uko chooni. Jengo la ofisi huwekewa vyoo mahali pamoja katika kila ghorofa, karibu na lifti, ilhali fleti kumi katika ghorofa hiyo zinadai majiko kumi na mabafu kumi, kila moja na bomba lake la maji safi na la majitaka, na kila bomba linadai tundu katika sakafu ambayo aliyeijenga hakuwaza kwamba siku moja ingetobolewa. Hata hivyo, waliojenga kabla ya kuenea kwa viyoyozi walitusaidia bila kujua. Kwa kuwa karani wa zama zile alihitaji mwanga na hewa ya dirishani, walijenga majengo membamba au wakaacha uwazi katikati, na ndiyo maana ofisi ya miaka ya 1920 mara nyingi hugeuzwa makazi kwa urahisi kuliko ile ya miaka ya 1980, ambayo ni pana kiasi kwamba chumba cha katikati hakioni jua kabisa. Katika jengo moja tulikuta mfereji wa shaba na kioo ambamo makarani walikuwa wakidondosha barua kutoka ghorofani hadi kwenye sanduku la chini. Uliachwa ukutani, na sasa wapangaji hupita kando yake wakiteremsha mifuko ya takataka. Mimi nafurahi kwamba upo, kwa sababu jengo lingevunjwa usingekuwepo hata huo.

Mfano maarufu zaidi hapa ni mnara wa gazeti la Chicago Tribune. Mwaka 1922 gazeti hilo liliitisha shindano la michoro, likapokea zaidi ya 260 kutoka nchi nyingi. Ulioshinda ni wa John Mead Howells na Raymond Hood, na mnara wao wa ghorofa 36 ulikamilika mwaka 1925. Waandishi walihama mwaka 2018, na jengo hilo sasa ni nyumba 162, nyingine zikitazama ziwa. (Nadhani wewe, Mhariri, utaisoma habari hii kwa moyo mzito kuliko wasomaji wako.) Sura yake imetunzwa vizuri, na vipande vya mawe kutoka Taj Mahal, Parthenon na kwingineko, vilivyopachikwa ukutani usawa wa barabara, mpita njia bado anavigusa bila kulipa. Lakini bei za humo ni za matajiri. Mafundi wa daraja langu hatuwezi kupanga humo hata stoo.

Jiji lenyewe limeonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Mwaka 2022, lilipotangaza mpango wa kugeuza ofisi zilizokuwa zikibaki tupu katika barabara ya LaSalle, liliweka sharti kwamba anayetaka kusaidiwa kwa fedha za umma atenge asilimia 30 ya nyumba kwa watu wa kipato cha chini. Sharti lilikuja kabla ya fedha, na hapo ndipo penye uzito, kwani mwekezaji akishamaliza kujenga humwambii tena kitu.

Jambo lililonifanya nishike kalamu, hata hivyo, ni ziwa lenyewe. Katika ramani ya Chicago ya mwaka 1836, makamishna waliokuwa wakigawa viwanja waliandika kwamba ukanda fulani wa pwani ya ziwa ni ardhi ya umma, ibaki wazi daima bila jengo wala kizuizi chochote. Maneno hayo yangeweza kusahaulika, kama ramani nyingi zinavyosahaulika kabatini, lakini mfanyabiashara Aaron Montgomery Ward aliyashikilia, akaenda mahakamani tangu mwaka 1890 na kuendelea na kesi moja baada ya nyingine hadi mwaka 1911, huku baadhi ya wakubwa wa jiji wakimwona mkorofi. Leo kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli ya takriban kilomita 29 kandokando ya ziwa, na yeyote anaruhusiwa kuipita. Mwenye fleti ya ghorofa ya 30 amenunua dirisha. Anayetaka kutia miguu majini huteremka na kuketi mchangani pamoja na sisi wengine.

Kwetu ulinzi huo upo katika maandishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ninachohofia ni kwamba jengo likiwa lilikwishakuwepo tangu zamani, mtu atasema hajengi kipya bali anakarabati tu, kisha ukarabati huo uje na ukuta, ukuta uje na geti, na geti lije na mlinzi. Nilikulia Kirumba, na tulipokuwa watoto tuliteremka ziwani kuogelea bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa hiyo, kabla mkataba wowote wa namna hii haujatiwa saini, naomba halmashauri itueleze wazi geti la upande wa ziwa litafungwa saa ngapi, na ufunguo wake atakaa nao nani.

Msomaji wenu, mzaliwa wa Mwanza,
Chicago, Marekani