Watafsiri wa muvi, penye kimya mnyamaze

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watafsiri wa muvi, hawa wanaoweka sauti zao za Kiswahili juu ya picha za nje. Mimi ni fundi cherehani hapa Mafinga. Fremu yangu imepakana na banda la video, katikati ni mbao tu, kwa hiyo muvi nyingi nazisikia kabla sijaziona.

Juzijuzi walionyesha katuni ya Kijapani, 5 Centimeters per Second ya Makoto Shinkai, ya mwaka 2007. Ni fupi, saa moja na dakika tatu. Takaki na Akari wamesoma pamoja shule ya msingi Tokyo, kisha Akari anahama na wazazi wake kwenda mkoa wa Tochigi. Baadaye Takaki naye anatakiwa kuhamia Kagoshima, mbali kusini, basi anapanda treni akamuage mwenzake. Theluji inaanguka, treni inasimama porini, saa zinakwenda. Barua aliyomwandikia imeshapeperushwa na upepo stesheni. Anafika usiku mkubwa, na binti bado yupo, kakaa karibu na jiko na chakula alichopika mwenyewe. Anamshika koti, machozi yanadondoka. Basi.

Mtafsiri wetu hapo akapachika: "Ulikuwa wapi we bwege, ugali umepoa!" Banda zima likaangua kicheko.

Sehemu ya pili ndiyo aliyoiua kabisa. Iko kisiwa cha Tanegashima, ambako Wajapani kweli wana kituo cha kurushia roketi. Binti mwingine, Kanae, anampenda Takaki na amejipanga amwambie. Roketi inapaa, wote wawili wanaikodolea macho, moshi unaigawa mbingu. Mtafsiri akatangaza kombora limerushwa, vita imeanza. Vijana wakakaa kusubiri wanajeshi mpaka mwisho.

Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha nne, aliniletea ile isiyotafsiriwa kwenye flashi. Alinisomea maandishi ya Kiingereza kwa Kiswahili, penye maneno tu. Pasipo na maneno naye kimya, tunatazama. Ndipo nikaona kumbe Takaki anaandika meseji kwenye simu asizomtumia mtu yeyote. Nikaona Kanae anavyotambua kwamba huyu kijana anatazama mbali kumpita yeye, akaamua asiseme. Bandani hayo yote yalifunikwa na porojo.

Wanaosema watu wa huku hawawezi picha ya taratibu hawatujui. Kila Januari naletewa masweta ya shule nibadilishe nembo: baba kapata uhamisho Songea, au mkataba wa kwenye mashamba ya chai umekwisha na familia inarudi Makete. Mwaka huu binti mmoja aliomba nembo ya zamani nikiifumua nisiitupe, akaikunja akaitia mfukoni. Mama yake akamuuliza ya nini, hakujibu. Huyo unadhani angehitaji kuchekeshwa ili aielewe katuni hii?

Sisemi watafsiri waache kazi. Bila wao mama yangu asingejua muvi hata moja, na za ngumi wanazinogesha kweli. Lakini mwishoni Takaki, sasa mtu mzima, anapishana na mwanamke pale barabara inapokatiza reli. Anageuka. Treni zinapita, zikiisha mwanamke hayupo. Takaki anatabasamu, anaenda zake. Mtafsiri akawaambia watazamaji wamepeana namba za simu na wataoana "pati tuu", yaani muvi ya mwendelezo. Pati tuu yenyewe haipo. Wateja wangu bado wanamdai mwenye banda ailete.

Ombi langu ni dogo. Mtafsiri atafsiri kilichosemwa. Na wenye mabanda, siku moja moja tuwekeeni picha yenyewe na mtu mmoja wa kutusomea. Kiingilio tutalipa kilekile.

Fundi cherehani,
Mafinga, Iringa