Kwa nini gari letu la Ufaransa ni ghali kuliko lile uliloliona mtandaoni

Kila ifikapo Mei meseji zinakuwa zile zile: "Mbona gari mnatuchaji hivi, na mtandaoni nimeliona hilo hilo kwa nusu bei?" Juzi mteja mmoja amekwenda mbele zaidi, akatuandikia kwamba tumempiga. Yeye tumeshamjibu kwake. Haya ni ya ninyi wengine ambao bado mnajiuliza moyoni.

Kwa asiyeijua kazi yetu: hatuna basi wala mtembeza wageni. Unaendesha mwenyewe, unapanda milima kwa miguu yako. Sisi tunapanga njia kutoka Lyon kupitia milima ya Auvergne na Cévennes hadi korongo la mto Verdon, tunashika vyumba kwenye nyumba za wenyeji, tunakukodia gari, na tunakupa ramani za IGN, taasisi ya ramani ya serikali ya Ufaransa, za 1:25,000 (sentimita moja ni mita 250) pamoja na kijitabu kinachokuambia pa kuegesha, pa kujaza maji, na alama ipi ukiiona ujue umepotea. (Ni msalaba, X, uliochorwa kwa rangi zile zile za njia. Nyeupe na nyekundu ni GR, njia ndefu. Manjano peke yake ni matembezi mafupi ya eneo hilo.)

Sasa gari. La nusu bei lipo, hatukatai. Lina gia za mkono, dereva mmoja, na bima yenye matundu. Otomatiki Ufaransa bado hulipiwa zaidi, na dereva wa pili mara nyingi huongezwa bei kwa siku. Mtu aliyejifunza kuendesha Nairobi au Dodoma hukaa upande wa kulia wa gari na kubadili gia kwa mkono wa kushoto. Huku ni kinyume, na kipilefti nacho kinazungukwa kinyume. Ukiyakusanya hayo asubuhi ya kwanza, baada ya usiku mzima kwenye ndege, utaelewa kwa nini sisi tunakodi otomatiki tu. Anayetaka gia za mkono atusaidie kwa kutoomba.

Linaloumiza zaidi ni kadi. Kampuni nyingi za kukodisha hapa zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na juu yake wanazuia amana ambayo mara nyingi inaanzia euro mia kadhaa hadi kupita 1,000. Kadi ya kawaida ya akaunti ya benki, kadi ya kwenye simu, kadi ya shemeji: zote zinaweza kukwama. Dada mmoja wa Mombasa alichukua ratiba yetu, gari akalikodi kwa dalali wa mtandaoni, kaka yake wa London akamlipia. Uwanja wa ndege wa Lyon, Jumamosi ya Agosti, foleni imejikunja hadi mlangoni. Karani akatazama leseni, akatazama kadi, akavirudisha vyote mezani. Majina hayalingani. Hela ya dalali haikurudi, maana masharti yao yanasema mteja ndiye aliyefika bila nyaraka kamili. Mumewe akaokoa safari kwa kadi yake kwenye kaunta ya jirani, kwa bei ya mtu aliyeingia bila kubuku. Jumla yake ilipita ile bei yetu aliyoiita ya kinyonyaji. Hatukumkumbusha.

Halafu ile "bima kamili" ya dalali. Soma vizuri: gari likikwaruzwa, kampuni inakata hela kwenye kadi yako kwanza, kisha wewe ndiye unayeanza kumwandikia dalali akurudishie. Na tairi, vioo, na sehemu ya chini ya gari mara nyingi haviko kwenye bima ya kawaida, wakati barabara ya kuingia kwenye nyumba nyingi za mashambani ni mawe matupu. Mkataba wetu hauna makato hayo na unavitaja hivyo vitu kimoja kimoja. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya bei, wala hatuna aibu nayo. Hata hivyo tunawasumbua wateja wapige picha kabla ya kuondoka: si ile ya familia imesimama mbele ya boneti, bali rimu zote nne, pembe za bampa, na kioo cha mbele kwa karibu.

Ujanja wa pili ni wa malazi. Mteja anaona tumemweka usiku mbili La Palud-sur-Verdon, kijiji kidogo chenye vyumba vichache na visivyo rahisi, anasema hapana, anatafuta hoteli karibu na Manosque, pembeni ya barabara kuu ya kulipia. Kwenye simu ramani inaonekana karibu. Lakini hizi si kilomita za tambarare. Castellane hadi Moustiers-Sainte-Marie, miji miwili ambayo La Palud iko katikati yake, ni kama kilomita 45 tu, na dereva mgeni hatoki chini ya saa nzima, kona juu ya kona, huku ukuta wa mwamba uko upande mmoja na upande wa pili ni hewa.

Na pale La Palud ndipo penye Sentier Blanc-Martel, matembezi ambayo watu wanayajia Ufaransa. Martel aliyetajwa hapo ni yule mtafiti wa mapango aliyepita ndani ya korongo hilo mwaka 1905. Unaanzia Chalet de la Maline, nyumba ya kulala watembeaji, unashuka hadi mtoni, unapita ngazi za chuma za Brèche Imbert zenye hatua 252, unamalizia Point Sublime, mahali pa kutazamia korongo, kupitia mahandaki yenye giza, moja lina zaidi ya mita 600. Ni masaa 6 hadi 7 kwa mtu mzima wa kawaida. Njiani hakuna bomba la maji, na mto hauvukwi hata ukionekana mtulivu, kwa sababu mabwawa ya umeme ya juu yakifunguliwa maji hupanda ghafla.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: njia haizunguki. Ukimaliza, gari liko upande mwingine. Ndiyo maana sisi tunakupangia uegeshe gari Point Sublime asubuhi, na teksi tuliyoshika mapema inakupeleka Maline. Bei hiyo imo kwenye ile jumla yetu. Mzee mmoja wa Arusha na mkewe walilala Manosque, wakafika Maline karibu na saa tano, wakaacha gari hapo hapo. Mahandaki walipita kwa tochi ya simu moja, ya pili ilishazima. Walipotoka Point Sublime basi dogo la mwisho la kuwarudisha watembeaji lilikuwa limekwenda, na mtandao pale ni wa kubahatisha. Teksi ya kuitwa jioni haikuwapa punguzo.

Faini pia zinatuletea lawama. Barabara za vijijini ni 80 kwa saa, isipokuwa mikoa iliyorudisha 90. Ukipita kibao chenye jina la kijiji ni 50, hata kama namba haijaandikwa. Kwenye njia panda isiyo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita. Kamera ikikunasa nje ya mji kwa chini ya kilomita 20 zaidi, faini ni euro 68, ukilipa mapema 45. Juu ya hapo kampuni ya gari hukata ada yake kwa kutaja jina lako kwa serikali. Ada hiyo inafika baada ya wiki kadhaa, na sisi ndio tunaopigiwa. Si yetu. Na pampu iliyoandikwa Gazole ni ya dizeli. Ukiijaza kwenye gari la petroli hakuna bima tunayoijua inayokubeba.

Kwa safari za Juni na Septemba, ambazo ndizo tunazozipenda kuliko joto na msongamano wa Agosti, tutumie mapema nakala ya leseni, leseni ya kimataifa, na jina kama lilivyo kwenye kadi. Anayetaka kujikodia gari mwenyewe tutamuuzia malazi na ramani peke yake, kwa maandishi kwamba mambo ya kaunta ni yake. Akitupigia akiwa kwenye foleni ya Lyon tutapokea, lakini kwa ada.