Risala ya watumishi wa kitengo cha radiolojia kwa mgeni rasmi, Siku ya Radiografia Duniani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi, Mganga Mfawidhi, viongozi wa dini, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, nawe tunakushukuru kwa kuacha majukumu mazito ukaja kwetu. Leo tunakumbuka tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei huko Würzburg, Ujerumani. Historia ya kitengo chetu ni fupi zaidi: tulianza na chumba kimoja, na chumba ni hicho hicho.

Mafanikio ni makubwa. Tumebandika mabango ya kuwataka wajawazito wajitambulishe kabla ya kupigwa picha, tumetengeneza kitundikio ili aproni ya madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, isikunjwe ikapata nyufa, na mlango tumeupaka rangi.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Taa ya kolimeta, kile kifaa cha mashine ya eksirei kinachobana mionzi, imekufa. Taa hiyo ndiyo humulika mwili wa mgonjwa kuonyesha mionzi itaishia wapi. Ikiwaka, mtoto aliyeteguka kifundo cha mkono hupigwa kifundo tu. Sasa tunakisia kwa futi kamba. Tukibana, mfupa unakatika kwenye picha na inabidi turudie, yaani mionzi mara ya pili. Kwa kuogopa hilo tunafungua eneo kubwa, na mionzi inafika mapajani na tumboni kusikohusika kabisa. Isitoshe, eneo likiwa kubwa mionzi hutawanyika zaidi: picha inaingia ukungu, na mama aliyemshika mwanawe naye anapata mgawo wake. Watoto ndio wanaodhurika kwa urahisi zaidi, na ndio hawatulii mezani.

Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 inataka mashine kama hizi zikaguliwe. Tusingependa wakaguzi watukute tunapima wagonjwa kama mafundi cherehani.

Wageni rasmi waliokutangulia, ambao tunawaheshimu sana, waliahidi hapa hapa. Mmoja alisema suala hilo "limeisha", tukapiga makofi. Mwingine aliliandika kwenye kijitabu chake. Kijitabu hicho hatujabahatika kukiona tena. Tumeambatanisha ankara kifani ya fundi wa vifaa tiba, ambayo, Mheshimiwa, haifikii gharama ya mahema na muziki wa leo.

Baada ya chakula tunakuomba upite chumba cha eksirei ubonyeze swichi ya taa hiyo mwenyewe, kabla ya hotuba yako.

Naomba kuwasilisha.