Barua kwa mwanangu anayeanza kazi ya nyaraka

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie. Nilipopata habari kwamba umepewa kitambulisho cha msomaji na kwamba juma lijalo utaanza kuketi katika chumba cha kusomea nyaraka, nilifurahi kiasi ambacho simu haikutosha kukieleza, ndiyo maana nimeona nikuandikie. Mengine utaelekezwa na watunza nyaraka wenyewe: utumie penseli tu, usiweke maji wala kalamu ya wino mezani, ushike karatasi kwa mikono safi na mikavu, na glavu uziache kwa ajili ya kushika picha za zamani, kwa sababu vidole vilivyovikwa kitambaa havihisi karatasi vizuri na huweza kuichana. Hayo utayazoea siku ya kwanza. Langu mimi ni moja, nalo huchelewa kuzoeleka: soma jalada zima, usiokote karatasi moja moja.

Watafiti wengi huingia na swali lao, wakaagiza jalada, wakalipekua hadi wanapokuta ukurasa unaotaja jina wanalolitafuta, wakaupiga picha na kulirudisha. Ninaelewa kinachowasukuma, maana muda ni mfupi na majalada ni mengi. Hata hivyo, jalada hilo halikutungwa kwa ajili yao. Lilifunguliwa na karani wa masjala ili ofisi ifanye kazi yake: barua iliingia, ikagongwa mhuri wa tarehe, ikapewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, ikapelekwa kwa ofisa, naye akaandika dokezo kwa mkubwa wake, mkubwa akajibu kwa mstari mmoja na saini, kisha jibu rasmi likachapwa. Katika jibu hilo rasmi utakuta yale ambayo ofisi ilitaka watu wa nje waamini. Ukitaka kujua walichokuwa wakibishania wao kwa wao, rudi kwenye madokezo.

Nikupe mfano. Niliwahi kusoma ripoti ya ofisa wa wilaya iliyosema kwamba ukusanyaji wa kodi wa mwaka ule ulikwenda kwa amani. Nyuma yake ilishikizwa hati ya malipo ya posho za askari wa ziada waliokaa katika eneo lile lile na katika majuma yale yale, na pini iliyoziunganisha karatasi hizo mbili ilikuwa imeshika kutu hata ikaacha doa la kahawia kwenye zote mbili. Hakuna mahali popote katika jalada lile palipoandikwa kwamba watu walikataa kulipa. Aliyepiga picha ripoti peke yake angeondoka na habari ya amani. Mimi nililazimika kuuliza wale askari walikwenda kufanya nini, na swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye daftari za mahakama, ambako nilikuta mashauri ambayo ripoti haikuyagusa kabisa.

Kwa sababu hiyo, usibadilishe mpangilio wa karatasi hata pale unapoona dhahiri kwamba tarehe zimepishana. Ukiona kosa, mwambie mtunza nyaraka, naye ataamua. Zamani nyaraka za ofisi mbalimbali zilichanganywa na kupangwa upya kwa mada, na kwa kufanya hivyo ikapotea njia ya kujua nani alimwandikia nani na kwa sababu gani. Kanuni ya kuziweka pamoja nyaraka zilizotoka katika chombo kimoja ilitolewa rasmi nchini Ufaransa mwaka 1841, na mwaka 1898 Waholanzi watatu, Samuel Muller, Johan Feith na Robert Fruin, walichapisha mwongozo uliosisitiza kuheshimu pia mpangilio wa awali. Huenda ukaona hayo ni mambo ya watunza nyaraka peke yao, lakini bila kanuni hiyo ile hati ya posho ingekuwa imehamishiwa kwenye fungu la hesabu za fedha, na mimi nisingeiona kamwe.

Utafutaji wa kompyuta nao una hatari hiyo hiyo. Nautumia na kuushukuru, ila hukuletea ukurasa mmoja na kuwaacha majirani zake. Ukishaupata, rudi mwanzo wa jalada.

Angalia pia kisichokuwepo. Namba za folio zikiruka, au dokezo likitaja jalada ambalo halimo katika orodha, liandike hilo kwa uzito ule ule unaouandikia barua. Makoloni ya Uingereza yalipokuwa yakipata uhuru, maofisa walichambua majalada, mengine wakayachoma na mengine wakayasafirisha Uingereza. Wazee wa Kenya waliofungua kesi London kwa mateso waliyoyapata wakati wa vita vya Mau Mau walisaidiwa na wanahistoria, akiwemo David Anderson, aliyeieleza mahakama kwamba kulikuwa na nyaraka zilizoondolewa Kenya. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na maelfu ya majalada kutoka makoloni mbalimbali huko Hanslope Park, kituo cha serikali nchini Uingereza, na mwaka 2013 ikakubali kuwalipa fidia wadai zaidi ya 5,000. Najua jambo hilo linakugusa kama linavyonigusa mimi. Lilifanikiwa kwa sababu kuna watu waliozisoma nyaraka zilizobaki kwa makini kiasi cha kuona zipi zimetolewa, na wakaweza kulithibitisha hilo mbele ya jaji.

Basi kabla hujasoma neno lolote, nakili jina la hifadhi, fungu, namba ya jalada, na folio unapoifikia. Picha isiyo na namba haitakusaidia miezi sita baadaye, wala haitamsaidia atakayetaka kukuhakiki, na ana haki ya kukuhakiki.

Ukishalimaliza jalada lako la kwanza, niandikie lilifunguliwa na ofisi gani, kwa shauri lipi, na karatasi ya mwisho iliyowekwa ndani yake ni ipi. Uliyoyapata kuhusu mada yako utanieleza baada ya hapo.

Ni mimi, mama yako.