Sonata ya Mozart isikatwe

Mhariri,

Nilisikitika juma lililopita, katika ukumbi mmoja hapa Mombasa, sonata (kazi ya ala iliyogawanywa katika sehemu) ya mtunzi Mozart ya fidla na piano katika ufunguo wa E maina, wenye sauti ya huzuni, K. 304 (namba yake katika orodha ya kazi za Mozart), ilipokatishwa baada ya sehemu ya kwanza, ilhali ina sehemu mbili tu.

Zama hizo sonata kama hizi zilichapishwa kuwa kazi za kinanda zinazosindikizwa na fidla. Lakini katika hii, ya mwaka 1778, ala zote mbili zinaanza kwa sauti moja, hakuna bwana wala mtumwa. Sehemu ya pili, ambayo tulinyimwa, huanzishwa na piano peke yake, kwa upole wenye huzuni, kisha fidla huupokea wimbo uleule. Katikati huja utulivu wa E meja, ufunguo wenye sauti angavu zaidi, ambao mimi nauona kuwa ndio moyo wa kazi nzima. Mwaka huohuo, tarehe 3 Julai, mama yake Mozart alifariki jijini Paris.

Sisi tuliolelewa na taarabu twaijua fidla inavyolia. Nawaomba waandaaji waipige tena, yote.

Mpenzi wa muziki,
Mombasa